Makohozi yana damu, TB hakuna: basi moyo nao upimwe

Kuna dada kanitumia meseji ndefu wiki hii, mamake anakohoa damu kidogo kidogo, makohozi yamepimwa TB hakuna kitu, karudishwa nyumbani na antibayotiki na dawa ya kikohozi. Ananiuliza, "Wewe dada ulipona vipi?" Najibu hapa hapa maana wanaoniuliza hili ni wengi.

Kwanza mimi sijapona, natibiwa, hivyo ni vitu viwili tofauti.

Nilianza na kuhema tu. Ngazi chache nasimama, usiku nikilala chali pumzi inakata mpaka nikae kitako. Ikaja mimba, ndo mambo yakaharibika kabisa, sababu ujauzito unaongeza damu mwilini karibu nusu ya ile ya kawaida na moyo wangu ulikuwa umeshazidiwa bila mtu kujua. Asubuhi moja nakohoa, naangalia kitambaa, povu la rangi ya waridi, sio damu nzito jamani, povu lenye vipovu vidogo vidogo kama la sabuni. Daktari wa kwanza hata kifua hakunisikiliza, akasema hii TB tu, na makohozi yalishatoka safi. Nyumbani nikatengewa kikombe changu peke yangu. Aliyenitengea anasoma hapa, anajijua.

Aliyenikomboa ni daktari kijana tu, aliweka stetoskopu kifuani akakaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza, "Ulivyokuwa mdogo uliwahi kuvimba magoti, leo hili kesho lile?" Nilibaki mdomo wazi, maana kweli bwana! Akaniandikia eko ya moyo, yaani ultrasaundi ya moyo, ikaonekana valvu ya mitro, mlango mmoja wa damu ndani ya moyo, imebana. Hii ni ile iliyo kati ya chemba ya juu na ya chini upande wa kushoto wa moyo, kwa mtu mzima mwenye afya inafunguka sentimita za mraba 4 mpaka 6, ikishuka hadi 1.5 au chini ya hapo wanasema imebana vibaya, na mimi nilikuwa huko. Sasa damu inayotoka mapafuni inakosa njia ya kushuka, inarudi nyuma, presha inapanda kwenye mishipa ya mapafu mpaka maji yanavuja au vimishipa vinapasuka, ndo unakohoa damu na kifua chenyewe hakina ugonjwa wake. Chanzo kilikuwa koo la utotoni, bakteria wa koo wakaleta homa ya baridi yabisi, ndo iliyonivimbisha magoti, ile homa ikaacha kovu kwenye valvu, nikakua nalo.

Nilipojifungua valvu ikazibuliwa kwa puto, wanapitisha mrija kwenye mshipa wa kinenani mpaka kwenye moyo, njia aliyoianzisha Mjapani Kanji Inoue miaka ya 1980 mwanzoni. Leo napanda ngazi naongea na simu, wale wa vikombe wananipisha njia.

Sasa nisikilizeni. TB ipimwe, eksirei ipigwe, saratani nayo iangaliwe, sisemi kila damu ni moyo. Ila vikitoka safi usikubali kufukuzwa na chupa ya sirapu, omba eko, omba tena, ng'ang'ania. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kifua kikachoma ukivuta pumzi, huenda damu imeganda ikakimbilia mapafuni, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Na nyie wenzangu wa warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, INR pimeni jamani, ni kipimo cha damu inavyochukua muda kuganda, wengi wetu tunatakiwa tuwe kati ya 2 na 3, ikipanda sana hata mapafu yanaweza kutoa damu, ila usiache dawa kwa kichwa chako, ukiacha damu inaganda. Damu ikija nyingi, mdomo unajaa, usisubiri kupambazuke. Na wazazi, mtoto akiumwa koo na homa apelekwe, msimpe chai ya tangawizi mkalala, na akishaambiwa ana baridi yabisi ile sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 isirukwe hata kama analia, mimi nililipia uzembe wa watu wazima.

Dada, mama akienda kliniki asiseme damu peke yake. Aseme kama analala amekaa, aseme kama miguu inavimba jioni, na umuulize kabla hamjatoka nyumbani kama utotoni magoti yalimsumbua, maana wao hawaulizi.