Maswali Yenu: Piseth Pilika, Nyota wa Kambodia Aliyeuawa

SWALI: Kila nikisoma habari za Piseth Pilika nakuta kifo chake tu. Alikuwa nani hasa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwanza alikuwa mcheza ngoma ya kifalme, filamu zikafuata baadaye. Jina lake la kuzaliwa ni Ok Eap Pili. Wazazi wake walifariki wakati wa utawala wa kikomunisti wa Khmer Rouge, ulioanza Aprili 1975 na kuanguka Januari 1979, akalelewa na jamaa zake. Hilo "Piseth" alilipata kwa mlezi wake. Alisomea ngoma Phnom Penh, mji mkuu, miaka ya 1980, wakati walimu waliojua ngoma hiyo walikuwa wa kuhesabu, kwani wengi waliuawa au walikufa kwa njaa na maradhi chini ya utawala huo. Filamu yake ya kwanza, Sramol Anthakal, ilitoka mwaka 1988, na muda si mrefu akawa nyota mkubwa nchini humo.

SWALI: Binti yangu ana miaka 15, anaipenda ngoma hiyo. Amechelewa? (Mama wa Morogoro)

JIBU: Kucheza kwa kujifurahisha, hapana. Kufikia kiwango cha juu, itakuwa vigumu, ingawa Pilika mwenyewe alisomea ngoma miaka ya 1980, akiwa ameshafikisha takriban miaka 15. Watoto huanza kabla ya kutimiza miaka 10, viungo vikiwa bado laini, na kazi ya mwanzo ni kuulainisha mwili zaidi. Vidole vya mkono vinasukumwa nyuma kuelekea juu ya kifundo, kiwiko kinapindishwa kupita kawaida, mgongo unaingizwa ndani na vidole vya miguu vinainuliwa huku unyayo ukibaki chini. Magoti hukunjwa na kubaki hivyo. Mwili unateleza.

Anayeanza ukubwani, kiwiko mara nyingi hakipindi hivyo. Hapo hufidia kwa kuinua bega, na bega likipanda tu, mkono mzima umeharibika. Wanaoijua ngoma huliona bega hilo kabla hata ya kutazama vidole.

Kuna nafasi nne: neang (mwanamke), neayrong (mwanamume), yeak (jitu) na sva (nyani). Mwalimu ndiye anayechagua, kwa kutazama umbo na sura ya mtoto. Hata neayrong kwa desturi huchezwa na wanawake.

Jambo jingine ni mavazi. Mchezaji hushonewa nguo mwilini kwa sindano na uzi kabla ya kupanda jukwaani, kazi ya saa kadhaa, na baada ya onyesho nyuzi hukatwa. Mshono ukilegea, kitambaa kizito cha nakshi kinateleza katikati ya mchezo. Ukikazwa mno, anakosa pumzi. Haja ndogo aimalize mapema.

SWALI: Ngoma ilimsaidia kwenye filamu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa mwili, sana: anayeweza kusimama kwa mguu mmoja bila kutikisika hapati shida kutulia mbele ya kamera. Uso ni habari nyingine. Katika ngoma ya kifalme uso hutulia na mikono ndiyo inayosimulia, ilhali kamera ikisogea karibu, mikono haionekani kabisa. Mchezaji hana budi kujifunza upya kulia na kukasirika kwa macho.

SWALI: Nani alimuua? (Wasomaji kadhaa)

JIBU: Hakuna aliyehukumiwa. Tarehe 6 Julai 1999 alikuwa karibu na soko la O Russei, Phnom Penh, pamoja na mpwa wake wa miaka 7, wakinunua baiskeli. Alipigwa risasi, na mtoto naye akajeruhiwa. Pilika alifariki hospitali ya Calmette tarehe 13 Julai, akiwa na miaka 34, na maelfu ya watu walijitokeza kumuaga. Oktoba mwaka huohuo jarida la Ufaransa, L'Express, lilichapisha madai yaliyoihusisha familia ya waziri mkuu wa wakati huo, Hun Sen, na mauaji hayo, familia iliyakana. Madai si ushahidi uliopimwa mahakamani, na kesi haikufika huko. Anayekuambia anamjua muuaji kwa hakika, muulize kajuaje.

SWALI: Ile ngoma ya Apsara wanayoonyeshwa watalii ndiyo hiyohiyo? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Ni tawi lake moja, tena changa. Ilitungwa katikati ya karne ya 20 chini ya Malkia Kossamak, kwa kuiga michoro ya apsara, mabinti wa mbinguni, iliyochongwa kwenye mahekalu ya kale ya Angkor, na Binti Mfalme Buppha Devi ndiye aliyeipa umaarufu. Ngoma za hadithi ndefu, zenye majitu na nyani, ni za zamani zaidi na ngumu zaidi.