Ndago Zimetanda Shambani

SWALI: Ndugu Mhariri, nalima mahindi Himo, wilaya ya Moshi. Tangu nianze kupulizia dawa ya magugu ya majani mapana, kishona nguo kimepungua, lakini ndago zimetanda. Je, nibadilishe dawa?
Msomaji, Himo

JIBU: Ndugu msomaji, dawa hiyo imefanya kazi yake: imeondoa magugu ya majani mapana, nazo ndago, ambazo haiziui, zimerithi nafasi, mwanga na mbolea. Kabla ya kununua nyingine, yafahamu magugu yako yote kwa pamoja. Tengeneza fremu ya mbao ya mita 1 kwa mita 1, na kabla ya palizi ya kwanza iweke sehemu 10 hivi bila kuchagua, uhesabu kila aina na kuiandika daftarini, kisha urudie kila msimu.

Chimbua ndago moja taratibu: utaona viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa na nyuzi, na kila kimoja chaweza kuchipua, ndiyo maana jembe la trekta huvisambaza. Vifukue wakati wa kiangazi vikaukie juani, na msimu ukianza changanya mahindi na maharage, kwani ndago hudhoofika kivulini. Ukikuta gugu karoti, ambalo limekwisha kuingia Arusha, ling'oe kabla halijachanua, mikono ikiwa na glavu, kwa sababu huwasha ngozi.