Maswali na Majibu: Kompyuta kwa Wanafunzi wa Sayansi ya Dunia

Swali: Nasoma jiolojia mwaka wa pili na sijawahi kuandika programu. Nianze na Python, R au Fortran?

Jibu: Anza na Python, kwa kuwa hailipiwi na inatumiwa sana katika fani yetu; wanaochunguza matetemeko ya ardhi, kwa mfano, wana maktaba yake maalumu (mkusanyo wa msimbo ulio tayari kutumika) iitwayo ObsPy. R huwafaa zaidi wenye kazi nyingi za takwimu. Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ni kongwe lakini si ya kudharauliwa, maana modeli nyingi kubwa za tabianchi, yaani programu zinazoiga hali halisi kwa hesabu, bado zimeandikwa kwa lugha hiyo.

Swali: Nimeandika modeli ya joto linalosambaa kutoka kwenye magma iliyopenya katikati ya miamba. Baada ya hatua chache, nyuzijoto zinafika mamilioni. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda mlinganyo ni sahihi, ila hatua zako za muda ni ndefu mno. Ukikokotoa msambao wa joto katika mwelekeo mmoja kwa njia rahisi ambayo wanafunzi huanza nayo, hatua ya muda haipaswi kuzidi mraba wa umbali kati ya nukta mbili jirani za gridi (mpangilio wa nukta ambako joto hukokotolewa), uliogawanywa kwa mara mbili ya kiwango cha msambao, yaani kipimo cha wepesi wa joto kusambaa. Kwa miamba, kiwango hicho ni takribani mita za mraba 0.000001 kwa sekunde. Hivyo nukta zikiachana kwa mita 10, kikomo ni sekunde milioni 50, yaani zaidi kidogo ya mwaka mmoja na nusu. Ukipunguza umbali huo kwa nusu, kikomo hushuka hadi robo, na hapa ndipo wengi hunaswa, kwa sababu hukaza gridi ili wapate picha safi zaidi kisha wakaacha muda ulivyokuwa. Jaribu pia kuipa modeli mwamba wenye joto moja kila mahali, hadi mipakani: likibadilika, kosa limo katika msimbo wako.

Swali: Kompyuta yangu ni dhaifu na bando ni ghali. Nitaweza?

Jibu: Utaweza. Modeli yenye nukta 200 haiisumbui hata kompyuta ya zamani. Pakua Python mara moja ukiwa chuoni, kisha fanya kazi bila intaneti.

Swali: Je, modeli zitatuondolea safari za uwandani?

Jibu: Hapana. Mwaka 1862 mwanafizikia Kelvin alikokotoa umri wa dunia kutokana na kupoa kwake, akapata kati ya miaka milioni 20 na 400. Kilichomponza hakikuwa hesabu bali dhana, kwani aliichukulia dunia kuwa jiwe gumu lipitishalo joto kwa namna moja. Mwaka 1895 John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alionyesha kwamba joto likisafiri kwa wepesi zaidi kule ndani, umri huo huongezeka mno. Kompyuta ingempa Kelvin jibu lilelile, tena upesi zaidi. Kwa hiyo orodhesha dhana zako mwanzoni mwa faili, na uende uwandani na orodha hiyo mkononi.