Mboni imetanuka? Weka hicho kichupa chini kwanza

Mkuu, weka hicho kichupa chini. Sasa hivi. Umesema mboni ya jicho la kulia imetanuka tangu juzi, umeuliza kitaalamu inaitwaje, itarudi lini, na kama ununue miwani; halafu katikati umepenyeza kwamba unaendelea na matone ya jirani "kwa sababu jicho bado jekundu". Hapo ndipo nilipoacha chai ipoe.

Mboni kutanuka kupita kawaida ni midriasisi. Moja ikiwa kubwa kuliko mwenzake, anisokoria. Haya, umejua, twende kwenye hela.

Januari 2024, mtakumbuka macho mekundu yalivyotembea Dar. Langu lilianza la kushoto. Shemeji yangu, anayejiita dokta kwa kuwa aliwahi kufagia famasi miezi miwili, akaniletea kichupa kilichobaki mwanawe alipopimwa macho. "Hii ndiyo yenyewe." Ilikuwa atropini! Atropini haiui kirusi chochote. Inalegeza msuli unaobana mboni. Mimi nikaweka asubuhi na jioni. Jua la Kariakoo likawa linanichoma, meseji sizisomi, nikaona dozi ni ndogo, nikaongeza. Usicheke.

Siku ya tatu mama watoto ananitazama, jicho moja jeusi tii. "Umeanza kula unga?" Kwa taarifa yenu, heroini hubana mboni mpaka ibaki kama tundu la sindano, kwa hiyo hata kwenye kutuhumiwa sikutendewa haki.

Hospitali daktari akamulika tochi, mboni kimya. Akauliza: umeweka dawa yoyote? Nikasema hapana. Niliona aibu kumtaja dokta wa ufagio. Hiyo "hapana" ndiyo iliyonimaliza. Mboni moja isiyoitikia mwanga inaweza kuwa mshipa wa damu umevimba kichwani na kukandamiza neva ya jicho, na hakuna daktari wa kubahatisha hapo. CT scan ya kichwa, laki tatu, kodi yangu ya Tandika ikayeyuka. Majibu: ubongo upo na ni mzima. Shemeji alishangaa.

Ndipo daktari wa macho akanidondoshea pilokapini, dawa ya kubana mboni. Haikubana. Akasema, ingekuwa shida ni neva, mboni ingejibana. Mboni inayogoma namna hii imezuiwa na dawa isijibane. "Kichupa kiko wapi?" Kikaja kwa bodaboda, buku tatu. Buku tatu, wakuu, baada ya laki tatu!

Kwa hiyo beba kila ulichogusa, umwage mezani kwa daktari kabla ya kulipia kipimo chochote: matone, vidonge vya mafua, kile kibandiko cha nyuma ya sikio cha kuzuia kutapika safarini, hata kama ulikuwa unang'oa mnanaha (mmea wa sumu unaotanua mboni) shambani ukajifuta jicho. Na ukiulizwa, taja, hata kama ni aibu ya familia. Ila kama kope limelegea, unaona vitu viwili viwili, kichwa kimeuma ghafla au uligonga kichwa, au jicho lenyewe linauma sana na kuona ukungu, usipoteze muda kutafuta kichupa. Kimbia.

Mboni yangu ilirudi siku ya 11. Shemeji siku hizi anashauri watu wa meno.

Hicho cha jirani lebo imeandikwaje? Piga picha, weka hapa, kisha kivalishe mfuko uende nacho.