Oili kwenye eya klina: anza na valvu ya PCV

Ndugu, injini kuukuu ya petroli ikirusha dipstiki na kulowesha eya klina kwa oili, si lazima ringi za pistoni ziwe zimekwisha. Usikubali injini ifunguliwe kabla hujakagua njia ya kutolea hewa ya ndani ya injini. Chomoa valvu ya PCV, ile inayopitisha hewa hiyo ivutwe na kuchomwa tena na injini, uitikise; isipolia, imekwama, weka mpya. Kagua na mipira yake ya kupitishia hewa, hasa kwenye kona, maana ndani huziba kwa uchafu wakati nje inaonekana mizima kabisa. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, weka karatasi juu ya tundu la kujazia oili: inapaswa kuvutwa taratibu. Karatasi ikirushwa bado, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kisha tia oili kidogo humo upime tena. Kompresheni ikipanda sana, hapo ni ringi. Na tafadhali usizibe bomba la kupumulia la injini, sili zitavuja oili.