Muulize Ami Fundi: Mita yazunguka, mifereji imefungwa

SWALI: Ami, shikamoo. Naishi Shela, hapa Malindi. Bili yangu ya maji imepanda maradufu miezi miwili mfululizo, na sikupata mgeni hata mmoja. Uani hamna tope. Jirani asema kuna mashine inayosikiliza bomba likivuja chini ya ardhi. Ni kweli, au nitaliwa pesa? – Mama wa wanne

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na pesa pia waweza kuliwa.

Kukosa tope kusikutulize. Shela yenu ni mchanga, na mchanga hunywa. Kwenye udongo mzito bomba likipasuka utaona dimbwi. Hapo kwenu laweza kuvuja miezi na watu wakapita juu kwa viatu vikavu.

Leo usiku, watoto wakishalala, funga mifereji yote na koki ya tangi la juu, maana boya bovu humwaga kimya kimya. Andika namba za mita, zile nyekundu za lita pia. Zisome tena alfajiri kabla mtu hajatia udhu. Yuniti moja ni lita 1,000, basi nyekundu zikitoka 350 zikafika 470, lita 120 zimekwenda. Kisha funga koki iliyo baada ya mita. Mita ikisimama, panapovuja ni mbele ya koki hiyo, upande wa nyumba. (Kinachovuja kabla ya mita hakiingii kwenye bili yako.) Usipime siku ya mgao: hewa inayotangulia maji huizungusha mita, na bomba lisilo na presha halilii.

Ndiyo, bomba hulia. Mimi nilianza kazi kwa nondo, ncha moja juu ya vali, nyingine sikioni, saa nane za usiku pikipiki zikiwa zimelala. Chuma kinachovuja huvuma kama birika linalokaribia kuchemka. Mashine ya leo ni nondo ile ile, ila imesoma hesabu: sensa mbili, yaani vifaa vya kunasa sauti, huwekwa kwenye vali mbili, na mashine hupima sauti imefika wapi kwanza na kwa tofauti gani.

Hapo ndipo tulipoaibika. Mtaa mmoja tuliambiwa bomba ni la chuma. Kati ya vali na vali mita 100, na sauti ilifika upande mmoja sekunde 0.02 mapema. Kwenye chuma sauti hukimbia kama mita 1,200 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya njia ni mita 24, na ukizitoa kwenye zile 100 ukagawa kwa mbili, panapovuja ni mita 38 kutoka vali ya karibu. Tukachimba. Mchanga mkavu na kaa mmoja. Kumbe bomba lilishabadilishwa plastiki, na humo sauti hujikokota, tuseme mita 400 kwa sekunde. Tofauti ikawa mita 8 tu, na maji tukayakuta mita 46. Shimo la pili tulilichimba bila kusemezana.

Kwa hiyo fundi akija na begi lake la sensa asikuulize bomba lako ni la nini na limepita wapi, mpe chai aende zake. Tena lako, kama la wengi, huenda ni plastiki nyembamba, na sauti hufa humo baada ya hatua chache. Uani kwako ningependelea gesi: bomba hutolewa maji, likajazwa naitrojeni yenye hidrojeni asilimia 5. Hidrojeni ni nyepesi, hupenya mchanga ikapanda juu, na kifaa cha kunusa huikamata. Mchanga ule ule unaoficha maji hauwezi kuificha hiyo.

Choo nusura nikisahau, nacho ndicho cha kuanzia. Tia rangi ya chakula kwenye tangi lake, ukae nusu saa bila kuvuta. Rangi ikishuka bakulini, mpira wa ndani umechoka, na huhitaji sensa wala Ami.