Chonge: jino lililochongwa na nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kitabu cha sayansi cha mwanangu kinasema binadamu ana meno manne yaitwayo chonge. Marehemu bibi yangu, Mmakonde wa Newala, alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa. Je, chonge ni jino lililochongwa? Na neno hili lina udugu na chongo?

Jibu: Marahaba. Bibi yako amekufikisha karibu sana na jibu. Neno chonge limetokana na kitenzi chonga, kile kile cha mafundi wa vinyago. Tazama irabu ya mwisho. Kiswahili kikitaka kumtaja aliyetendwa, mara nyingi huishilizia nomino kwa -e: mtume ametumwa, kiumbe kimeumbwa, mteule ameteuliwa. Jozi ninayoipenda kuliko zote ni mshindi na mshinde. Mmoja kashinda, mwenzake kashindwa, na kinachowatenga ni irabu hiyo tu. Kwa hiyo chonge, kwa umbo lake, ni "kilichochongwa".

Ila mchongaji hayupo. Jino hili huota na ncha yake, na waliolipa jina waliliona kama limepitiwa na tezo. Meno ya bibi yalichongwa kweli, kwa mkono wa mtu, lakini hayaitwi chonge, kwa sababu jina limekwisha kushikamana na mahali: ni lile jino lililo kati ya meno ya mbele na magego, mawili juu na mawili chini, kulia na kushoto. Simba na fisi wanayo marefu, ya kushikia windo. Yale meno ya ngiri yanayojipinda nje ya mdomo nayo ni chonge. Ya tembo sivyo, ingawa wengi hudhani hivyo. Zile tunazoziita pembe ni meno yake ya mbele ya taya la juu, yaliyorefuka.

Chongo ni habari nyingine. Ni hali ya kuwa na jicho moja bovu, ndiyo ile ya methali "ukipenda, chongo huita kengeza". Sauti zimekaribiana, lakini maana hazionyeshi udugu wowote, nami nisingeyaunganisha maneno haya mawili. Mfundishe mwanao ayatamke mpaka mwisho: mwenye chonge ni kila mmoja wetu, mwenye chongo ni mtu aliyepungukiwa jicho.